Ukisoma Nanjing kwa Kiingereza, umeenda nusu

Kila wiki DM zangu zinajaa maswali ya Uchina. "Buda, ile skolashipu ya Nanjing ni ya ukweli?" "Baridi ya huko inaua?" "Watu weusi wanasumbuliwa?" "Doo ya kila mwezi inatosha?" Ni maswali poa na nitayajibu. Lakini kuna moja nalisubiri na haliji: darasani nitafundishwa kwa lugha gani?

Msimamo wangu nauweka hapa mapema, ndio asiyekubali aanze kukasirika sasa. Mkenya anayekaa Nanjing miaka minne akisoma kozi ya Kiingereza, kisha anarudi hajui Kichina, ameacha nusu ya zawadi yake huko. Na hasara si yake peke yake, ni yetu sote.

Wengi mnanijua kwa video za chakula na za matatu. Kabla ya hii kazi ya kamera nilikaa Nanjing miaka miwili. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa lugha tu, wa pili nikaanza digrii ya uhandisi wa majengo. Kisha biashara ya mzee nyumbani ikayumba, karo ikakwama, nikarudi. Sina digrii. Kwa karatasi mimi bado ni mtu wa kidato cha nne. Ila kuna kitu nilirudi nacho, na ndicho kinanilisha miezi ile video hazilipi. Nitakifikia.

Nanjing iko mkoa wa Jiangsu, kando ya mto Yangtze, kama saa moja na kitu kutoka Shanghai kwa treni ya kasi. Jina lenyewe lina maana ya "mji mkuu wa kusini", kama vile Beijing ni "mji mkuu wa kaskazini". Umekuwa makao ya tawala kadhaa za kale, na ukoo wa Ming ulitawala kutoka hapo mpaka 1421 mfalme Yongle alipohamishia makao Beijing. Leo ni mji wa vyuo. Kuna Chuo Kikuu cha Nanjing, Southeast, Hohai wanaojulikana kwa uhandisi wa maji, vyuo vya udaktari na vingine vingi. Wanafunzi kutoka Afrika wako huko kwa miaka mingi. Uchina yote, hesabu ya wizara yao ya elimu ya mwaka 2018 ilikuwa Waafrika 81,562. Hiyo ni zaidi ya uwanja wa Kasarani ukijaa.

Sasa maisha ya kozi ya Kiingereza yako hivi. Wageni wana hosteli yao. Darasa ni la wageni. Rafiki zako ni Wakenya, Waganda, Wazambia na Wapakistani. Unapika ugali wa unga wa mahindi wa manjano ambao haushikani vizuri. Chakula ukichoka unaagiza kwa simu kwa kubonyeza picha. Pesa unalipa kwa Alipay au WeChat bila kufungua mdomo. Fomu ya viza inajazwa na ofisi ya wageni. Unaweza kuishi hivyo miaka minne na usiwahi kumaliza mazungumzo ya dakika tano na mtu wa Nanjing. Nimewaona. Ni watu wenye akili kuliko mimi, wengine wana alama A tupu za kidato cha nne, lakini kwenye duka la chini ya hosteli wanaonyesha kwa kidole kama watoto.

Wale wa udaktari ndio mambo huwaka mapema. Darasani mwalimu anafundisha kwa Kiingereza, sawa. Ukifika wakati wa kuingia wodini, mgonjwa ni mzee wa miaka 70 ametoka kijijini Jiangsu, na lahaja yake hata Mchina wa Beijing anaitegea sikio. Hatakuambia kwa Kiingereza anaumwa wapi. Wewe utasimama nyuma ya wenzako na kalamu mkononi, na mwanafunzi wa Kichina aliye mbele yako ndiye atakayejifunza kuuliza, kusikiliza na kugundua ugonjwa. Umelipa miaka mitano au sita, na sehemu tamu ya masomo imekupita ukiwa umesimama hapo hapo.

Lakini hata ukiweka kazi kando, kuna ule mji wenyewe. Nanjing ina majeraha. Desemba 1937 jeshi la Japani liliuteka, na kwa kama wiki sita likaua raia na wafungwa na kubaka wanawake. Serikali ya Uchina inasema waliouawa walizidi 300,000. Kuna makumbusho yake yaliyofunguliwa 1985, na tangu 2014 tarehe 13 Desemba ni siku ya kumbukumbu ya taifa zima. Asubuhi hiyo king'ora kinalia mji mzima. Magari yanasimama barabarani na kupiga honi, watu wanasimama walipo na kuinamisha vichwa.

Mwaka wangu wa kwanza, king'ora kilipolia, nje ya hosteli yetu kulikuwa na vijana wa kigeni wanatoa video na kucheka, wakifikiri ni mazoezi ya moto. Tangazo lilikuwa limetumwa kwenye kikundi cha WeChat siku mbili kabla, kwa Kichina. Hawakuwa wabaya. Hawakuweza kusoma tu. Sasa jiweke upande wa pili. Fikiria mgeni amesimama pale Memorial Park katikati ya Nairobi tarehe 7 Agosti, familia za waliokufa kwenye bomu la 1998 zinaweka maua, na yeye anacheka kwenye simu. Ungemwitaje? Mama mmoja mfagiaji alikuwa anawatazama wale vijana. Hakusema kitu. Sidhani alihitaji kusema.

Upande mwingine, lugha ikianza kuingia, hata mawe yanaongea. Mfalme wa kwanza wa Ming alianza kujenga ukuta wa mji mwaka 1366, kazi ikachukua zaidi ya miaka 20. Ulikuwa na urefu wa kama kilomita 35, na kama 25 bado zimesimama. Nilikuwa napenda kwenda lango la Zhonghua jioni. Siku moja mzee mmoja aliyekuwa anatembeza ndege wake kwenye kizimba akaniona natazama maandishi kwenye tofali. Akaniuliza kama naweza kusoma. Nikasoma herufi tatu, nikakwama. Akaweka kidole na kunisomea yaliyobaki: jimbo lililotoa tofali, wilaya, maofisa waliosimamia, na mwisho jina la fundi aliyelichoma. Tofali likivunjika, wanajua waende kwa nani. Akacheka, akaongeza, "Ndio maana bado zimesimama."

Mimi kama Mkenya nilifikiria barabara inayozinduliwa Januari na mashimo yanaonekana Aprili. Hebu chukulia kila mita ya lami ingekuwa na jina la mkandarasi na la ofisa aliyetia sahihi. Hilo wazo sikulipata darasani. Nililipata kwa mzee na ndege wake, kwa sababu nilikuwa na Kichina cha kutosha kumwambia "nisomee."

Au chukua jumba la mitihani la Jiangnan, karibu na hekalu la Confucius, kando ya mto Qinhuai. Kwa kama miaka 1,300 Uchina ilichagua maofisa wa serikali kwa mtihani, na hilo jumba lilikuwa na vyumba vidogo zaidi ya 20,000. Mtahiniwa aliingia na chakula na blanketi lake. Mbao zile zile zilikuwa meza na kiti mchana, na kitanda usiku. Awamu tatu, kila moja kama siku tatu. Mwaka 1905 mfumo wote ukafutwa, na leo pale ni makumbusho. Kama mtoto wa KCSE, niliposimama mbele ya vile vyumba nilihisi niko nyumbani kabisa. Jamii nzima iliamini kwamba karatasi moja inajua nani ana akili. Sisi bado tunaamini. Nikiambia watu niliacha chuo, naona uso ukibadilika kabla sijamaliza sentensi.

Ndio narudi kwa kile kitu nilichorudi nacho. Ni Kichina, na si cha profesa. Ni cha kusikiliza, kubishana bei na kusoma ujumbe. Mwaka jana mama mmoja anayeuza vyombo vya jikoni pale Nyamakima aliniomba nimsikilizie sauti alizotumiwa na muuzaji wake kwenye WeChat. Amenunua kwake miaka mitatu. Mtafsiri alikuwa analetwa na muuzaji huyo huyo. Kwenye sauti moja muuzaji alikuwa amemjibu mtafsiri, na kwa bahati ikatumwa kwa mama pia. Alisema sufuria za safari hii ni nyembamba kidogo, lakini "chabuduo." Hilo neno lina maana ya "haina tofauti kubwa", kama sisi tunavyosema "si itatoka tu." Mtafsiri alimwambia mama kila kitu kiko sawa. Mama alisimamisha malipo, wakapimana unene wa bati kwa picha na rula, na bei ikashuka.

Ninachojifunza hapo ni rahisi. Mtafsiri akiwa wa upande wa pili, unajua ulichoambiwa, hujui kilichosemwa. Mama wa Nyamakima anapoteza kontena. Nchi ikikaa kwenye meza hiyo hiyo inapoteza nini? Reli ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa 2017, ikajengwa na kampuni ya Kichina kwa mkopo mkubwa wa benki ya Exim ya Uchina. Tutalipa mimi na wewe, na watoto wetu pia. Kwenye meza kama hizo nataka upande wetu kuwe na kijana aliyekaa Nanjing, akala bata wa chumvi na wenyeji, na anaelewa wanachonong'onezana kabla mtafsiri hajafungua mdomo.

Na msidhani wao walisubiri. Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961. Kenya ilipata uhuru Desemba 1963. Yaani kabla hatujapandisha bendera, kuna Wachina walikuwa tayari wamekaa chini kujifunza ngeli zetu. Walitusoma mapema. Hata zamani ilikuwa hivyo. Meli kubwa za Zheng He zilijengwa Nanjing, na sehemu ya ile karakana bado ipo kama bustani ya makumbusho. Alifanya safari saba kati ya 1405 na 1433, na msafara wake ulifika Malindi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi akapelekwa kwa mfalme, wakamwona kama qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Wao waliandika. Leo ukitaka kumjua yule twiga wa kwetu, lazima upitie maandishi yao. Ni twiga wa pwani yetu, na mimi nilimsoma kwa herufi za watu wengine.

Mwaka 2005 msichana kutoka kisiwa cha Pate, Lamu, ambaye familia yake inasimulia kwamba ina damu ya mabaharia wa msafara huo, alipewa ufadhili kwenda kusoma tiba ya Kichina hapo hapo Nanjing. Magazeti yalipenda damu yake. Mimi nilipenda kitu kingine: alienda kusoma kitu ambacho huwezi kukisoma bila kuingia ndani ya lugha yao.

Sasa nawasikia. "Kichina ni kigumu, maze." Ndiyo, ni kigumu. "Ma" ina sauti nne, na ukikosea sauti, mama yako anageuka farasi. Herufi zinaandikwa mpaka kidole kinaota sugu. Lakini HSK ya kiwango cha nne, ile vyuo vingi viliiomba kwa digrii za Kichina nikiwa huko, ilikuwa ya maneno 1,200. Wewe umekua na lugha ya nyumbani, Kiswahili, Kiingereza na Sheng inayobadilika kila muhula. Mtoto wa Eastlands anabeba lugha nne bila kuhesabu. Usiniambie kichwa chako hakina nafasi ya tano.

"Lakini kule kuna ubaguzi." Kuna, na sitakuficha. Mkesha wa Krismasi 1988, pale chuo cha Hohai, ugomvi langoni kati ya walinzi na wanafunzi Waafrika waliokuwa wanaingia dansi na wasichana wa Kichina uligeuka vita. Umati ukaandamana dhidi ya Waafrika kwa siku kadhaa, wanafunzi wakakimbilia stesheni ya treni, na polisi wakawaondoa mjini. Hiyo ni historia ya mji huo pia, na haiandikwi kwenye matangazo ya skolashipu. Siku zangu ilikuwa macho, simu zinazokupiga picha bila ruhusa, na kiti cha pembeni yako kwenye treni kubaki wazi. Kujua lugha hakuondoi hayo. Ila siku mtoto akimuuliza mamake kwa nini yule mtu ni mweusi, unaweza kumjibu mwenyewe, na mara nyingi mama ndiye anaaibika, kisha mnacheka, kisha anauliza unatoka wapi. Bila lugha unabaki picha kwenye simu ya mtu.

"Na hii si ni kujipeleka kwa mkoloni mpya?" Huyu ndiye namheshimu zaidi, lakini jibu langu ni lile lile. Kama unamwogopa mtu, ndio sababu zaidi ya kuelewa anachosema. Kutojua lugha yake hakujawahi kumlinda mtu yeyote.

Kwa hivyo kama unajaza fomu mwaka huu, fanya haya. Ufadhili wa serikali ya Uchina unaombwa kupitia njia za serikali zetu mbili au kupitia chuo chenyewe, na hauhitaji wakala wa kukutoza laki moja "ya kusukuma faili." Ukiupata mzima unafunika karo, malazi na bima, na posho ya shahada ya kwanza imekuwa yuani 2,500 kwa mwezi. Inatosha kula, haitoshi kupiga luku. Tiketi ya ndege ulizia mapema, mara nyingi ni yako. Usipange kuishi kwa vibarua, maana mwanafunzi anahitaji ruhusa ya chuo na ya idara ya uhamiaji ili afanye kazi. Uliza Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu hapa Kenya kama digrii hiyo itatambuliwa, kabla ya kupanda ndege. Na kama ni udaktari, uliza pia baraza la madaktari utafanya mtihani gani ukirudi.

Kisha lile swali langu. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua kozi ya Kichina yenye mwaka wa matayarisho. Usiuite mwaka uliopotea. Kama kozi yako ipo kwa Kiingereza pekee, basi tafuta masomo ya lugha kila wiki na usikae na Wakenya pekee. Tutakusamehe ukikosa kikao cha Jamhuri Day. Anza hata kabla ya kwenda. Taasisi ya Confucius ilifungua Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na simu yako ina programu za bure.

Na wewe mzazi unayesoma hii kwa simu ya mtoto, siku akirudi usimuulize digrii pekee. Mpe simu aongee na muuzaji wa Guangzhou mbele yako. Ukiona anasikiliza, anakunja uso, kisha anamkatiza, jua pesa yako ilisoma.

Walio Nanjing sasa hivi, niambieni kama nimewaonea. Lakini jibu niandikieni kwa Kichina. Nitasoma.